Mgonjwa Akisema Zima

Mzee Xaveri Ngonyani alifeli jaribio la kwanza kwa sababu ya adabu. Ujinga hana hata chembe. Nilimkalisha mbele ya kioo cha kompyuta ya darasa, nikamvalisha visikizi, na sauti ya binti tuliyemrekodi ikaanza kumsomea.

"Mirija ya figo huoshwa kwa maji ya bomba."

Chini ya kioo palikuwa na vitufe viwili, SAWA na SI SAWA. Mzee akabonyeza SAWA.

"Mgonjwa akilala, mlezi naye anaweza kulala."

SAWA.

"Damu ikionekana kwenye kichujio, subiri mpaka kesho."

SAWA tena, na kichwa anakitikisa taratibu kama mtu anayesikiliza matangazo ya parokia.

"Mtani, umeniua!" nikamwambia. "Hayo yote ni makosa."

"Najua ni makosa."

"Sasa mbona unabonyeza sawa?"

"Mtoto wa watu anaongea na mimi kwa upole namna ile, halafu nimwambie si sawa? Labda huko kwenu Uhehe ndiyo mnalelewa hivyo."

Mimi ni Mhehe, yeye ni Mngoni. Sisi ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana, kwa hiyo alikuwa na haki zote za kunitukana, na mimi sikuwa na haki ya kununa. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe kitufe changu kilikuwa na maana mbili. Kwangu SAWA ilikuwa "jibu hili ni kweli". Kwake SAWA ilikuwa "nimekusikia mwanangu, endelea". Nikavifuta vitufe vyote viwili siku hiyo hiyo, nikaandika KWELI na UONGO. Alipofanya tena, hakukosa hata swali moja.

Ngoja nijitambulishe, maana nimeanza na Mzee kana kwamba mnamjua. Naitwa Leokadia Kihwele, fundi wa masomo katika Nyumba ya Figo hapa Iringa. Madaktari wananipa maneno yao magumu, mimi nayageuza kuwa kozi ya mtandaoni ambayo mtu anaweza kuifuata kwenye simu huku anamenya viazi. Kozi yenyewe inafundisha kitu kimoja tu: namna ya kumlea nyumbani mgonjwa anayetumia figo la kapu.

Figo la kapu mmeliona. Ni dude la ukubwa wa kapu la sokoni, lina mpini juu na mirija miwili ubavuni. Kila jioni mgonjwa anaunganishwa, damu inatoka mwilini, inapita kwenye kichujio, inarudi ikiwa safi. Zamani watu walihamia mjini kufuata mashine. Siku hizi mashine ndiyo inamfuata mtu kwake, ila sheria ni moja na haina mjomba: figo halitoki kituoni mpaka mtu wa nyumbani kwa mgonjwa amalize kozi na afaulu majaribio yake yote.

Mgonjwa wa Mzee Xaveri ni mkewe, Mama Tarsila, Mhehe mwenzangu. Alikuwa amelala wodi ya juu tangu kabla ya mvua, na alichokuwa anataka duniani kilikuwa kurudi kwake Kilolo akaone ukungu ukipanda shambani. Mzee alikuwa ndiye mtu pekee wa kumrudisha. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na nchi yake.

*

Daktari Osmundi Chusi, mkuu wetu, aliniita ofisini baada ya kikao cha asubuhi. Ni mtu mpole, lakini akiwa na jambo zito anapanga kalamu zake kwa urefu. Siku hiyo kalamu zilikuwa zimejipanga tayari.

"Leokadia, majaribio ya kozi. Umeamua unayaweka namna gani?"

Hilo ndilo swali lililokuwa linaninyima raha. Kozi ilikuwa imekamilika, picha zinacheza, sauti safi. Kilichobaki ni namna ya kumpima mwanafunzi kila mwisho wa somo. Njia ya kwanza ni maswali ya kuchagua, kweli au uongo, au jibu moja kati ya manne. Ni rahisi, yanakubali hata kwenye simu ya kizamani. Njia ya pili ni maswali ya mazungumzo, sauti inauliza na mtu anajibu kwa maneno yake mwenyewe. Njia ya tatu ilikuwa imelala juu ya meza ya Daktari, ndani ya kiboksi cheusi.

"Ya kwanza nilikuwa naipenda," nikasema. "Watu wanaielewa."

"Na wanapeana majibu."

Mwaka uliopita, kwenye kituo kingine nisichotaka kukitaja, kijana alifaulu kila kitu kwa majibu aliyotumiwa na rafiki yake, akaenda na figo nyumbani, akamzika baba yake kabla ya mwezi kuisha. Daktari Chusi ndiye aliyetumwa kuongea na ile familia. Hajawahi kutusimulia walimwambia nini.

Akafungua kiboksi. Ndani mlikuwa na bangili nyembamba ya kijivu.

"Inaitwa Mpembuzi," akasema. "Mwanafunzi anaivaa wakati anajibu. Inasikiliza mapigo ya moyo, jasho la ngozi, na mtetemo wa sauti. Haisomi mawazo, usiniangalie hivyo. Inachojua ni kama mwili wa mtu unakubaliana na maneno yake. Unakubaliana, inawaka kijani. Haukubaliani, nyekundu. Anayebahatisha utamjua, na aliyenakili utamjua."

"Na mwenye siri zake?"

"Sisi tunauliza habari za figo, Leokadia. Nani ana siri za figo?"

Nikaichukua. Ilikuwa nyepesi, na ya uvuguvugu kama kitu kilichotoka kuvaliwa. Nikamwambia nitaijaribu kwa mwanafunzi mmoja kwanza. Akasema vizuri, wakaguzi wa leseni ya kituo wanakuja wiki inayofuata na wanataka kuona tumechagua nini.

*

Bangili lazima imzoee mtu kwanza. Unamuuliza mambo anayoyajua kama jina lake, inajifunza ukweli wake unasikikaje. Kisha unamwomba adanganye kidogo.

"Jina lako nani?"

"Xaveri Ngonyani." Kijani.

"Mke wako?"

"Tarsila Nyenza, Mhehe, nilimwokota Kilolo nilipokuja kupanda miti. Wenzangu waliokota kuni, mimi nikamwokota yeye." Kijani, kijani tupu.

"Sasa nidanganye. Sema hupendi pombe ya ulanzi."

"Sipendi ulanzi."

Bangili ikawaka nyekundu mpaka nikadhani imeungua. Mzee akaitazama kwa heshima mpya.

"Kumbe hiki kidude kina akili! Kiulize nani zaidi, Mngoni au Mhehe."

"Nani zaidi?"

"Mngoni."

Kijani. Mwongo huyu, na bangili imemkubalia! Nikamwambia mashine hii imetengenezwa kwao Songea, tukacheka wote, na moyoni nikasema hakuna mtu ninayetaka afaulu kozi hii kama babu huyu.

Tukaanza masomo. Kuosha mikono, kijani. Kuunganisha mirija, kijani. Mgonjwa akipungukiwa presha, unamlaza, unainua miguu, unapunguza kasi, kijani tena. Alikuwa amesoma barabara. Alijibu polepole na kuongezea maelezo ambayo sikuyauliza, na kila aliposema "mgonjwa" alijisahau akasema "Tarsila". Mimi tayari nilikuwa nafikiria gari la kuwapeleka.

Tukafika somo la tisa. Lina swali moja ambalo Daktari aliliandika kwa mkono wake.

"Mgonjwa akikuomba ulizime figo kabla halijamaliza, utafanyaje?"

Nifafanue hapo kidogo. Damu ikiwa nje inapoa, na ikirudi mwilini mtu anasikia baridi ya ajabu. Wakati mwingine misuli ya miguu inakaza na kichwa kinagonga. Karibu kila mgonjwa, siku moja au nyingine, anaomba azimiwe. Ukizima katikati, damu iliyo mirijani haimrudii, na sumu ambayo haijasafishwa inabaki mwilini kuukaba moyo. Ukifanya hivyo mara moja, pengine atapona. Ukizoea kuzima, unamzika. Niliwahi kumuuliza Daktari kwa nini wasitengeneze figo lisilozimika. Akaniuliza nyumba ikishika moto nitamwacha mgonjwa amefungwa kwenye mirija?

Mzee akajibu vizuri kabisa. "Sizimi. Namfunika blanketi, napunguza kasi, nampigia muuguzi simu, nakaa naye mpaka liishe."

Bangili ikawa nyekundu.

"Rudia, Mzee. Labda imeteleza mkononi."

Akarudia, neno kwa neno. Nyekundu. Nikaipangusa kwa kitambaa, nikamvalisha mkono wa pili. Nyekundu. Safari hii Mzee hakuitazama. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mtani," nikasema polepole, "si lazima uniambie."

"Kimeshakwambia hicho."

Nikamsogezea chai yangu, akaishika bila kuinywa.

"Tangu nimuoe," akasema, "yule mwanamke hajaniomba kitu nikamnyima. Siyo kwamba mimi ni mwema, hapana. Ni kwamba haombi. Akitaka jambo analifanya mwenyewe. Kwa hiyo siku akiomba, ujue limemzidi. Wiki iliyopita hapo juu aliniambia, Xaveri, waambie wazime. Nikaenda kwa muuguzi nikamsihi azime. Muuguzi akakataa, nikakaribia kumpiga. Mimi, na umri huu! Sasa huko Kilolo hakuna muuguzi wa kunikatalia. Tutakuwa wawili na kitufe."

Akanirudishia chai.

"Jibu nalijua, Leokadia. Nililosema ndilo sahihi. Lakini akiniomba, nitazima."

*

Sasa hebu niambieni ningefanya nini.

Nikiweka maswali ya kuchagua, Mzee anafaulu leo hii, na hakuna anayeweza kunilaumu, maana jibu kalijua. Nikiweka bangili, Mzee anafeli, na hakuna anayeweza kunilaumu vilevile. Kote nilikuwa salama. Asiyekuwa salama ni Mama Tarsila. Upande mmoja anarudi nyumbani kwa mtu atakayemuua kwa kumpenda. Upande wa pili anabaki juu pale kwenye ukuta mweupe mpaka siku zake ziishe, na mume wake anamtembelea kwa saa za wageni.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonichoma. Lile nililolijua sikuambiwa, nililichukua. Mzee wa watu alikuja kusoma habari za mirija, nikamvalisha kitu kikanionyesha chumba cha ndani ambacho hata mkewe hajaingia. Nilijisikia kama mtu aliyekaribishwa sebuleni akafungua kabati.

Nilimwambia Daktari Chusi. Ilibidi, maana maisha ya mtu yalikuwa hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akazichanganya kalamu zake.

"Basi amefeli," akasema.

"Amefeli nini, Daktari? Amejibu!"

"Yule kijana wa mwaka jana naye alijibu."

"Yule alikuwa hajui. Huyu anajua kuliko nusu ya wauguzi wako. Tunampima kichwa au tunampima ndoa yake?"

"Kitakachobonyeza kitufe ni kidole, na kidole hakiulizi kichwa." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona aibu kwa kupaza sauti. "Unadhani mimi nataka kumwambia yule bibi hatoki? Niletee jaribio ambalo litanipa usingizi, nitalipitisha leo."

Nilitoka na hasira, lakini njiani kwenye ngazi zikaisha, nikabaki na lile neno lake. Jaribio. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya njia za kujibu: kwa kidole, kwa mdomo, kwa bangili. Hakuna aliyekuwa amefikiria anayeuliza. Kwenye kozi yangu swali la kuzima lilikuwa linaulizwa na yule binti wa kurekodiwa, mwenye sauti tamu, ambaye hasikii baridi wala hajaolewa. Kilolo hatauliza yeye. Atauliza Tarsila.

Nikarudi darasani. Mzee alikuwa bado amekaa palepale, kofia mapajani.

"Mtani, nataka nimwambie Mama."

Alishtuka. "Kwamba nimefeli?"

"Kwamba ungezima. Nataka yeye ndiye akuulize lile swali. Ukikataa sitamwambia, na bangili nitaitupa chooni."

Aliigeuzageuza kofia mapajani. Nje wagonjwa wa jioni walikuwa wanaitwa majina.

"Mwambie," akasema. "Lakini mwambie wewe. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako."

*

Mama Tarsila alikuwa ameketi kitandani, ameunganishwa, kilemba kichwani kimekaa sawasawa kama anayekwenda harusini. Figo lilikuwa linanguruma kidogo kando yake. Uso ulikuwa umepauka, lakini mdomo wake haukuwa mgonjwa hata kidogo.

"Kamwene, mwanangu. Umeniletea Mngoni wangu amefaulu, au nimtafute mwingine?"

"Kamwene, Mama. Amefaulu yote. Limebaki moja."

Nikamweleza. Sikupamba wala sikupunguza. Daktari Chusi alikuwa amekuja, amesimama mlangoni na mikono mfukoni, na Mzee alikuwa nyuma yangu kama alivyoahidi. Nilipomaliza, Mama Tarsila alimtazama mumewe, na nikaona kwamba hakushangaa.

"Kwa hiyo ungenizimia."

"Ndiyo," Mzee akasema.

"Njoo hapa. Leokadia, mvalishe hilo bangili lako. Nimuulize mimi."

Nikamvalisha. Mzee akakaa kwenye kiti cha wageni, magoti yao yakagusana. Mama Tarsila akashika karatasi yenye swali, akasoma kwa sauti ya shuleni.

"Mgonjwa akikuomba ulizime figo kabla halijamaliza, utafanyaje?"

Mzee akajibu kwa utani, maana ndiyo njia aliyoizoea. "Nitamwambia, wewe Mhehe, babu zako tuliwakimbiza hawakusema zima, leo kijibaridi hiki ndicho kikuzidi?"

Wodi nzima ikacheka, hadi Daktari. Bangili ilikuwa nyekundu.

Mama Tarsila hakucheka. Aliiweka karatasi juu ya shuka. Akavuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa tena ya kusoma.

"Xaveri. Nimechoka. Baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa, na huu mguu umekaza tangu mlipoingia, sikutaka mjue. Nakuomba. Zima."

Mimi mwenyewe mkono ulinicheza kuelekea kwenye kitufe, Mungu ananiona. Mzee alikitazama. Kilikuwa karibu naye kabisa, kitufe kikubwa cheupe, hata hakuhitaji kunyoosha mkono. Midomo yake ikatikisika kutafuta utani mwingine, ukakosekana.

"Hapana," akasema.

Kisha akalia. Hakujificha, hakufuta. Alivua koti lake, akalifunika juu ya blanketi la mkewe, akaushika ule mguu uliokaza akaanza kuusugua, machozi yanamdondokea mikononi, na kila baada ya muda anasema tena, "Hapana, Tarsila. Hapana, mama." Kwa mkono mmoja akapapasa kando ya figo, akapunguza kasi kama tulivyomfundisha.

Bangili ilikuwa bado nyekundu. Haikubadilika hata nukta.

"Mbona hiyo haigeuki?" Mama Tarsila akauliza. "Si amekataa?"

Ikabidi nimjibu. "Amekataa, Mama, lakini moyo wake bado unataka kuzima."

"Utaendelea kutaka?"

"Nadhani ndiyo. Kila jioni."

Alimtazama mzee wake aliyeinama miguuni pake. Alimtazama namna ambayo mimi na Daktari tulipaswa kutoka nje, na hatukutoka.

"Sikujua inakuuma hivi," akamwambia. "Mimi nilidhani nikisema zima, ninajisemea tu. Kumbe nakukata." Akanigeukia. "Mvue hilo. Mmempima huyu vya kutosha. Nivalisheni mimi."

Nikamtazama Daktari. Yeye ndiye aliyesogea. Akamvua Mzee bangili kwa mikono yake, akamvalisha Mama Tarsila ule mkono usio na mirija, akasubiri imzoee. Jina lako. Kwenu wapi. Nidanganye. ("Nampenda Mngoni huyu kwa sababu ni mzuri wa sura." Nyekundu.) Swali halikuwepo kwenye kozi yetu, wala kwenye kozi yoyote ninayoijua. Nililitunga nimesimama pale, na hadi leo ndilo swali la mwisho la somo la tisa, na anayelijibu ni mgonjwa.

"Mama, siku utakapomwomba mlezi wako azime, naye akakataa, utafanyaje?"

Alifikiri. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, na hakuharakisha.

"Nitamtukana," akasema. "Yeye na ukoo wake wote, na ng'ombe waliowaiba. Nitamtukana mpaka mashine imalize kazi. Halafu nitamwambia ahsante, aje alale."

Bangili iliwaka kijani tangu tusi la kwanza.

Daktari Chusi aliendelea kuushika ule mkono kwa muda, kama anayepima mapigo kwa njia ya zamani. Kisha akamuuliza Mzee kama gari la kituo linafika mpaka mlangoni kwao Kilolo, au linaishia barabarani.

"Linaishia barabarani," Mzee akasema, huku bado anasugua mguu. "Kutoka hapo ni mlima. Figo nitalibeba mimi."